Mstaafu arejeapo Ronge: Kazi ya kuijenga siku upya

MTUMISHI wa umma nchini Kenya anapotimiza umri wa miaka 60, mwajiri humkabidhi barua, wenzake humwandalia chai na hotuba mbili tatu, na kesho yake alfajiri yeye huamka saa ile ile aliyoamka kwa zaidi ya miaka 30. Ila asubuhi hiyo hakuna kengele inayomwita, hakuna daftari la kutia sahihi, wala hakuna mtu atakayeuliza kwa nini hajafika.

Mintarafu ya pesa, mstaafu huwa ameshapewa mawaidha tele. Mintarafu ya asubuhi hiyo, aghalabu hajaambiwa lolote.

Katika wadi ya Ronge, eneo bunge la Mwatate, kaunti ya Taita Taveta, asubuhi hiyo ina uzito wa pekee. Kwa vizazi kadhaa wenyeji wa Milima ya Taita wamekuwa wakiteremka kwenda kutafuta kazi Voi, Mombasa na Nairobi: relini, bandarini, katika mashamba ya mkonge, shuleni, hospitalini na katika afisi za serikali. Wengi hawakuhamisha jamaa zao. Mume alikodi chumba kimoja mjini, mke akabaki milimani akilima, akilea watoto na kuhudhuria mazishi kwa niaba ya wote wawili. Mume alikuja mwisho wa mwezi nauli iliporuhusu, na Desemba bila kukosa.

Mtu wa namna hiyo anapostaafu, haendi kupumzika mahali anapopajua barabara. Anahamia katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, lakini ambayo pengine hajapata kuishi ndani yake kwa miezi mitatu mfululizo.

Umri uliowekwa na waraka

Umri wa kustaafu haukuandikwa katika mwili wa binadamu. Uliwekwa na serikali. Ujerumani, iliyopitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1889 enzi za Kansela Otto von Bismarck, ilianza na miaka 70 na kuushusha umri huo hadi 65 mwaka 1916. Kenya ilidumu na miaka 55 hadi 2009, serikali ilipotoa waraka wa kuuongeza hadi 60. Watumishi wa umma wenye ulemavu hustaafu wakiwa na miaka 65, nayo Katiba ya 2010 inawaruhusu majaji kuendelea hadi 70.

Maisha ya zamani ya Wadawida, kama wenyeji wa milima hiyo wajiitavyo, hayakuwa na siku ya namna hiyo. Mkulima alipunguza kazi kadiri nguvu zilivyopungua: akaacha shamba la mbali, kisha la mteremko mkali, mwishowe akabaki na migomba ya karibu na nyumba. Wakati huo huo alikuwa akipanda ngazi nyingine, ile ya uzee wenye mamlaka. Alisuluhisha ugomvi wa mipaka, akaketi katika mashauri ya ndoa, na pamoja na wazee wenzake akatunza misitu mitakatifu iitwayo fighi. Nguvu zilishuka huku heshima ikipanda, na hapakuwa na siku moja ambayo mtu alipoteza kazi na cheo kwa pamoja.

Waraka ndio ulioleta siku hiyo.

Pesa za miaka 20 kwa siku moja

Pesa si kiini cha mada hii, lakini haziwezi kurukwa, kwa kuwa makosa mengi ya mwaka wa kwanza huanzia benki.

Kwa watumishi walio chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, hesabu huanza na mshahara wa msingi wa mwisho, bila marupurupu. Mshahara huo wa mwaka huzidishwa kwa idadi ya miezi ambayo mtu amehudumu, kisha hugawanywa kwa 480. Robo ya pensheni inayopatikana inaweza kubadilishwa iwe malipo ya mkupuo, nayo huzidishwa mara 20.

Chukua mfano wa mwalimu aliyefunza kwa miaka 35, yaani miezi 420, na ambaye mshahara wake wa msingi wa mwisho ulikuwa Sh60,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ni Sh630,000 kwa mwaka. Akibadilisha robo, hupokea mkupuo wa Sh3,150,000 na kubakiwa na Sh39,375 kila mwezi.

Mamilioni hayo huwalevya watu wazima wenye akili timamu. Ukiyatazama kwa makini, si zawadi ya serikali wala bahati nasibu: ni Sh13,125 za kila mwezi ambazo mwalimu huyo angezipokea kwa miaka 20, zimelipwa kwa siku moja. Akizitia zote katika matatu moja, huwa amechukua pensheni yake mpaka atakapotimiza miaka 80 na kuiweka barabarani kati ya Voi na Mwatate, mikononi mwa dereva aliyemjua juzi.

Watumishi waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 mnamo Januari 1, 2021 wako katika mpango mwingine, ambapo mfanyakazi huchangia hadi asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi hutegemea Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) na mpango wa mwajiri, ikiwa upo. Yule asiye na pensheni yoyote husubiri hadi afikishe miaka 70 ndipo afuzu kupokea Sh2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii.

Aidha, bima ya matibabu ya kazini aghalabu hukoma pamoja na ajira. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, asiyelipwa mshahara hupimwa uwezo wake ili kujua atachangia kiasi gani. Ni vyema jambo hilo likamilishwe mapema, kabla ya kupaka nyumba rangi.

Ama biashara, kanuni iliyo salama ni fupi. Mtu ambaye hajawahi kufuga kuku 10 hana sababu ya kuanza na kuku 1,000.

Fungate na kinachofuata

Mnamo 1976 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Atchley, alizieleza hatua ambazo wastaafu wengi hupitia. Baada ya kuacha kazi huja fungate, kipindi cha furaha na shughuli nyingi. Hufuatwa na kuvunjika moyo, kisha kujipanga upya, na hatimaye utulivu. Si kila mtu hupitia hatua zote, wala si kwa mpangilio huo, lakini wengi wataitambua sura yao humo.

Huko Ronge fungate ina ratiba inayojulikana. Nyumba hupakwa rangi. Tangi la maji hununuliwa, ua hurekebishwa, jamaa wa Bura, Mbale na Werugha huzuriwa. Wageni nao humiminika, wengine wakiwa na salamu, wengine wakiwa na barua za karo na kadi za harambee, maana habari za mkupuo hupanda mlima kwa kasi kuliko gari.

Kisha huja siku isiyo na shughuli. Baadhi huanza kuonekana Mwatate kila asubuhi, wamevaa koti la kazini, wakisoma gazeti moja kwa zamu hadi adhuhuri. Gazeti halina sababu ya kulalamika, lakini nauli ya kwenda na kurudi ina sababu. Wengine huanza kunywa mapema kuliko walivyozoea. Hakuna aliyepanga kuwa mlevi. Ila kilabu kina kitu ambacho nyumbani hakipo: watu wanaomsubiri kwa saa maalum.

Nyumba yenye ratiba yake

Kiini cha tatizo ni hiki. Kwa miaka 30 nyumba ile imekuwa na mwendeshaji, naye si mstaafu.

Mkewe ndiye anayejua ng'ombe anakamwa saa ngapi, ni shamba lipi lililochoka na lipi lipandwe maharagwe, nani anadaiwa, siku ya chama ni ipi, na ni jirani yupi asiyepaswa kuombwa jembe. Alizoea kula kiporo shambani saa saba na kuendelea na kazi. Sasa kuna mtu mzima nyumbani, na chakula cha mchana ambacho hakikuwa kikipikwa sharti kipikwe.

Wapo wanaume wanaoingia katika nyumba hiyo kama karani mkuu aliyehamishwa kutoka makao makuu. Hukagua, huuliza kwa nini mahindi yamepandwa hivi, hutoa amri, na baada ya majuma mawili hushangaa kuona mke anashinda kwa dadake. Wapo pia wanaochukua njia ya pili, wakaketi barazani wakisubiri kuhudumiwa. Wa kwanza ni mzigo wenye kelele na wa pili ni mzigo wa kimya.

Njia inayofaa ni ya unyenyekevu kidogo. Mstaafu humwomba mkewe kazi moja, naye huichukua nzima, pamoja na sehemu yake isiyopendeza. Kukata majani ya ng'ombe kila asubuhi na kusafisha zizi ni kazi nzima. Kusimama kando ya zizi na kutoa ushauri si kazi. Kutunza shamba la migomba, kuanzia kupogoa hadi kupeleka mikungu sokoni, ni kazi nzima vile vile. Baada ya msimu mmoja au miwili, maoni yake kuhusu mahindi yatasikizwa, kwa kuwa yatakuwa yametoka shambani.

Kwa mwanamke anayestaafu, hali huwa tofauti. Mwalimu wa kike aliyefunza karibu na nyumbani hakuacha kazi za nyumba hata siku moja. Alizibeba juu ya zile za darasani. Kwake hatari si siku tupu bali siku inayojazwa na wengine, kwani mara tu anapostaafu, wajukuu huletwa kutoka mjini, wagonjwa hukabidhiwa kwake, na kila kamati ya kanisa humhitaji. Mwenye hali hiyo ana mazoea mapya ya kujifunza pia, la kwanza likiwa ni kusema hapana.

Siku 66, au pengine 254

Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijaribu kujizoeza jambo moja dogo la kila siku, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba jambo hilo lilichukua siku 66 kwa wastani kabla ya kufanyika bila kujilazimisha. Hata hivyo, tofauti ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Jambo jepesi lilishika haraka, zito lilichelewa.

Mawili yaliyotokea humo yanamfaa mstaafu. Kwanza, mazoea hushika yakifungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi, kuliko yakiachiwa azma tupu. Pili, kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Mtu aliyezoea nidhamu ya afisi hudhani kwamba akikosa mara moja ameshindwa, naye huacha kabisa. Hakuna haja.

Kwa mkulima, siku 66 ni kama kutoka kupanda kwa vuli mwishoni mwa Oktoba hadi mwaka mpya. Si muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watu wazima, wakiwemo waliopita miaka 65, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na wazee waongeze mazoezi ya nguvu na ya kutunza mizani ya mwili siku tatu kwa wiki ili wasianguke. Aishiye Ronge Juu, kwenye miteremko, hahitaji kwenda mbali kuyatafuta. Kupanda kutoka shamba la bondeni na mzigo wa majani kunatosha, mradi apande kila siku badala ya kujichosha Jumamosi na kulala wiki nzima.

Afrika Mashariki ina mfano unaojulikana wa mtu aliyeondoka kazini akiwa tayari na kazi nyingine. Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania Novemba 1985, akiwa na miaka 63, na makao yake yakawa Butiama, alikolima. Aliendelea na uenyekiti wa chama hadi 1990, na kuanzia 1996 akawa mpatanishi wa mgogoro wa Burundi hadi alipofariki Oktoba 14, 1999. Katikati ya hayo alizitafsiri Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, vitabu vilivyochapishwa mwaka 1996.

Linalosahaulika ni kwamba kalamu hiyo hakuishika baada ya kustaafu. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa Ikulu, na bila shaka akiwa na mengine ya kumshughulisha. Alipofika Butiama, alibeba mazoea yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 20.

Wapo pia waliochelewa wakafika. Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mnamo Januari 2004 akiwa na miaka 84, naye aliendelea kusoma hadi karibu na kifo chake Agosti 2009. Lakini wenye roho ya Maruge ni wachache, na si busara kupanga maisha kwa kutegemea kwamba mtu ni mmoja wao.

Mahali pa kuhitajiwa

Patricia Boyle na wenzake wa Chicago waliwachunguza wazee zaidi ya 900 kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Wale waliohisi kwamba maisha yao yana lengo walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2.4 zaidi wa kubaki bila ugonjwa wa Alzheimer kuliko waliohisi kinyume. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba lengo ndilo lililowakinga; unaonyesha tu kwamba mambo hayo mawili huandamana.

Lengo halipatikani kwa kuketi na kulifikiria. Aghalabu hutokana na kuhitajiwa, na Taita haina uhaba wa mahali pa kuhitajiwa.

Katika sehemu nyingi za milima hiyo, maji ya mashamba huletwa kwa mifereji inayogawanywa kwa zamu, na zamu huhitaji mtu wa kuziandika na kuamua magomvi. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zimewapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Bodi za shule huhitaji wajumbe wanaoelewa hesabu. Aliyekuwa mhasibu bandarini au karani wa wilaya anaweza kuandika kumbukumbu za mkutano zikasomeka, jambo ambalo vikundi vingi vingelilipia kama vingekuwa na pesa.

Upande wa Ronge Nyika kuna kazi nyingine ya wazi. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, na ndovu hushuka na kupanda wakifuata maji na mahindi. Ng'ambo ya Voi, wakulima wa Sagalla wamekuwa wakijaribu kwa zaidi ya mwongo mmoja ua wa mizinga ya nyuki, iliyoning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ua huo huwazuia ndovu wengi, si wote, na ukame unapokuja nyuki huhama na ulinzi kupungua. Mizinga hutaka mtu wa kuikagua mara kwa mara, kufukuza wadudu, kukata nyasi chini yake na kupeleka maji wakati wa kiangazi. Kijana anayetafuta kibarua Voi hana muda huo. Mstaafu anao.

Tahadhari moja. Aliyekuwa bosi huchaguliwa kwa urahisi kuwa mwenyekiti, naye katika mwezi wa pili huanza kuwafokea wanakikundi kwa kuchelewa, akisahau kwamba hakuna anayelipwa. Mwaka mmoja wa kuwa mjumbe wa kawaida kabla ya kukubali cheo humwokolea mengi.

Hasira ya faili

Baadhi ya wastaafu hutumia miaka yao iliyobaki kufuata haki. Walimu wapatao 52,000 waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walidai pensheni inayolingana na nyongeza ya mishahara iliyokubaliwa mwaka 1997. Mwaka 2008 Mahakama Kuu mjini Nakuru iliamua kwa faida yao, lakini malipo yalisuasua kwa miaka mingi, na wengine walifariki wakisubiri. Madai yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo, faili inaweza kuwa ndiyo kazi mpya ya mtu: huamka nayo, hula nayo, na hawezi kuzungumza lolote lingine na wajukuu.

Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza desturi iitwayo kutasa. Wenyeji waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mzee huwadhuru walio karibu naye, watoto na mifugo. Mzee hutia pombe ya miwa au maji kinywani, huyapuliza, na kutamka maneno ya kuitoa hasira hiyo na kubariki. Kwa wazee wa wakati huo, kusafisha moyo kulikuwa wajibu wa cheo chao, na kulifanywa mara kwa mara kama kazi nyingine yoyote.

Likizo ya Oktoba

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wengi wa Ronge huichukua Desemba, na hivyo kwa miaka 30 huijua Ronge ya sherehe tu: ya mbuzi, harusi na wageni.

Aliyebakisha miaka miwili au mitatu kazini anaweza kuichukua Oktoba au Novemba, vuli inapoanza na kila mtu anaposhinda shambani. Atajua jirani yupi huamka mapema, zamu ya maji huangukia siku gani, na ndovu hupitia wapi usiku. Ataona pia iwapo kukata majani asubuhi ni kazi anayoiweza mgongo wake, na kama mkewe anamtaka katika shamba la maharagwe au angependa abaki kwenye migomba.